Divai ya Alhamisi Kuu

Kirua Vunjo, 12 Oktoba 1997, Jumapili

Katika nyumba hii aliyekuwa akishika tarehe za mvua na za mavuno ni marehemu mke wangu, Mektrida. Mimi nilikuwa nikimwuliza tu, naye hakukosea. Sasa ni mwaka wa tatu tangu alale kule chini ya masale, majani tunayopanda makaburini, na mimi nimeanza kusahau mambo ambayo mtu hapaswi kuyasahau. Kwa hiyo nimeamua kuandika. Atakayesoma aniwie radhi kwa mwandiko wa mzee na kwa maneno mengi. Walimu wetu wa misheni walituchapa kwa ajili ya herufi zilizolala, na mpaka leo naogopa.

Baada ya misa ya pili mwanangu Remigius alipanda kutoka Soweto, kule Moshi mjini anakokaa na familia yake. Alikunywa chai, akasifu ndizi, akaulizia magoti yangu, na hapo nikajua kwamba amekuja na jambo zito.

"Baba, naomba unisikilize bila kukasirika."

"Nimewahi kukukasirikia lini, mwanangu?"

"Ndiyo maana naogopa. Heri ungekuwa unafoka." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Baba, enzi za foleni zimekwisha. Divai ya misa inauzwa mjini, ina kizibo, ina muhuri. Padre Aristides mwenyewe anainunua. Sasa ile mizabibu tunamtunzia nani? Pale chini pangeota majani ya ng'ombe. Ng'ombe wa kisasa wawili, baba, na ungekuwa na maziwa kila asubuhi, na mtu wa kukaa nawe hapa badala ya kuinama shambani peke yako."

Nikamwongezea chai kwanza. Alisema kweli tupu. Mizabibu hiyo iko sehemu ya chini ya kihamba chetu, shamba la ukoo, karibu na kaburi la Mektrida, upande unaopata jua la asubuhi. Aliipanda Bruda Ottavio, mtawa Mwitalia, mimi nikiwa kijana niliyetoka tu shule ya misheni. Aliileta ikiwa vijiti vilivyoviringishwa kwa kitambaa kibichi ndani ya bati la biskuti, kutoka vilima vya kwao Monferrato. Zabibu yenyewe inaitwa Barbera. Bruda alisema si zabibu ya mabwana. Mabwana wana ya kwao. Barbera ni ya wakulima wadogo, nyeusi, chachu, na kila nyumba vilimani kwao hukanyaga yake. Alipofariki alinikabidhi. Miaka ile nchi haikuwa na sukari wala sabuni, achilia mbali divai, maparokia ya huku Vunjo yalikuwa yakiadhimisha misa kwa divai ya kihamba hiki. Nasema hivi bila kujisifu.

Mwishowe tulikubaliana hivi. Msimu huu nitapogolea, nitavuna, nitakanyaga kama kawaida. Padre ataionja divai kabla ya Pasaka. Akiikubali kwa misa ya Alhamisi Kuu, mizabibu itabaki mpaka nife. Asipoikubali, itang'olewa.

"Kama Kanisa bado linaihitaji, mimi ni nani niing'oe?" alisema Remigius. Ni mtoto mwema. Ingekuwa rahisi zaidi kama asingekuwa mwema.

20 Oktoba

Nimemaliza kupogolea. Kwao Bruda walifunga matawi kwenye nguzo kwa fito laini za mti unaoota kando ya mifereji. Sisi hatuna mti huo, kwa hiyo Mektrida alibuni kutumia nyuzi za mgomba, na Bruda alipoona fundo lake alicheka mpaka akakaa chini, akasema hata mama yake hakufunga vizuri vile. Leo nimefunga peke yangu. Mstari mmoja unahitaji mikono minne.

Jirani yangu Aminieli alisimama juu ya mfereji, mikono nyuma. Ni Mlutheri, mzee mwenzangu, na hajawahi kupita hapa bila kunichokoza.

"Wakatoliki mna kazi! Sisi mchungaji akitaka divai anakwenda dukani, anarudi, tunakunywa, tunasamehewa. Wewe mpaka upogolee."

"Labda dhambi zetu ni nzito zaidi, Aminieli."

"Hilo sikutaka kulisema mimi."

3 Novemba

Mvua.

4 Novemba

Mvua tangu alfajiri.

16 Novemba, Jumapili

Redioni wanasema mvua hizi zina jina la kigeni na zimetoka bahari ya mbali. Sikuelewa vizuri, mniwie radhi. Ninachoelewa ni kwamba kahawa ya watu inaoza kwenye vitanda vya kuanikia, na mfereji wetu, ambao baba zetu waliuchimba ili ulete maji, sasa tunauziba kwa magunia ili usiyalete.

Nimenyunyiza mrututu na chokaa, dawa ya ukungu, mara ya pili. Mvua imeosha kabla haijakauka.

7 Desemba, Jumapili

Mizabibu ilitoa maua wiki hii. Mengi yamedondoka. Chini ya mistari kuna vumbi la kijani lililolowa, kama pumba.

Dada yangu Victoria, mdogo wangu pekee aliye hai, alivuka mfereji na kuniletea mtori wa ndizi. Yeye ndiye mpika mbege, pombe yetu ya ndizi, anayetafutwa kuliko wote huku. Hapana harusi wala tanga ambako hakuitwa. Aliyatazama maua yale ardhini, akanishika mkono kama tulivyoshikana tukienda kumzika mama.

25 Desemba, Noeli

Leo nitaandika zaidi ya kiasi. Naomba uvumilivu.

Remigius na familia yake walifika kwa shida, barabara ikiwa matope matupu. Tulikula vizuri. Baada ya chakula akatoa kwenye mfuko chupa nyeusi yenye karatasi ya kupendeza, akaiweka mbele yangu kwa mikono miwili.

"Krismasi njema, baba. Soma."

Nikavaa miwani. Iliandikwa Barbera. Chini yake jina la mji wa Asti, ambao Bruda aliutaja mara nyingi kwa sababu ndiko walikopeleka mapipa yao kwa mikokoteni ya ng'ombe.

"Imetoka wapi?"

"Dukani, baba. Pale karibu na soko kuu. Mhindi ameleta makatoni. Imetoka kwao kabisa."

Hakutaka kuniumiza. Alidhani atanifurahisha, na labda alitaka pia nione mwenyewe jinsi dunia ilivyo karibu siku hizi. Tulifungua. Nikaimimina katika bilauri ya Bruda, nikaiinua kwenye mwanga wa mlango kama alivyokuwa akifanya yeye.

Hapa sina budi kueleza jambo. Kila mwaka Bruda alikuwa akipokea bilauri ya kwanza kutoka mkononi mwangu. Aliiinua kwenye mwanga, akanywa funda moja, akasema, "Ni divai, Sirili." Kisha akaiweka chini. Hakusema zaidi ya hapo mwaka wowote, nami sikuhitaji zaidi. Nilimwambia Mektrida kwamba watu wa kwao si wasemaji, na kwamba hiyo ndiyo sifa yao ya juu.

Leo nimeonja divai ya kwao. Rangi yake ni kama damu ya moyo. Uchachu umo, lakini umetulia ndani ya kitu kingine, tunda lililoiva kweli, na baada ya kumeza inabaki mdomoni, haina haraka ya kuondoka. Yetu haikuwa hivi. Hata mwaka mmoja haikuwa hivi. Yetu ni maji ya zabibu zilizoiva nusu chini ya ukungu wa mlima, makali, membamba, yanayokwaruza koo. Sikujua, kwa kuwa sikuwa na ya kulinganisha.

Lakini Bruda alijua. Alikulia kwenye divai hii. Kila mwaka alisimama mlangoni mwangu, akanywa, akatafuta neno ambalo halikuwa uongo na ambalo lisingenivunja moyo, akalipata, na mwaka uliofuata akalitumia tena.

"Vipi, baba?" Remigius aliuliza. "Inafanana na yako?"

"Ni ndugu," nikasema. "Asante sana, mwanangu. Umenipa zawadi kubwa."

Wajukuu walikuwa wakiimba. Nilicheka nao.

26 Desemba

Mvua. Sikutoka.

18 Januari 1998, Jumapili

Bruda alipanda waridi kwenye kichwa cha kila mstari, kama wanavyofanya kwao, kwa sababu waridi huugua kabla ya mzabibu na kumwonya mkulima. Mwaka huu waridi na mizabibu vimeugua siku moja. Ukungu mweupe chini ya majani, na vishada vya mistari ya chini vimekuwa kahawia na kukunjamana kama ngozi. Nimevikata na kuvizika mbali. Sikutaka Aminieli avione, lakini aliviona.

Hakunitania. Alisema tu, "Pole, Sirili," kisha akashika jembe lake na kunisaidia kufukia.

Heri angenitania.

Nimejiuliza kwa nini naendelea, baada ya kuonja nilichoonja. Jibu ninalolipata si zuri sana. Altare haihitaji divai nzuri. Inahitaji divai ya kweli: iliyotoka katika zabibu, isiyochanganywa na kitu chochote, isiyoharibika. Ndivyo sheria ya Kanisa inavyosema, na Bruda aliirudia kila tulipoosha pipa. Yetu ni mbaya, lakini ni ya kweli. Hilo moja ndilo ninaloweza kumwonyesha Padre, na hilo halimo kwenye karatasi ya kupendeza.

2 Februari

Daraja dogo la kuelekea barabara kuu limekwenda na maji. Remigius ametuma salamu kwamba haji.

25 Februari, Jumatano ya Majivu

Nimepakwa majivu. Baada ya ibada nilimkumbusha Padre Aristides ahadi ya kuonja. Ni kijana, amesoma sana, ana adabu.

"Mzee Sirili, mwaka huu mlimani kuna zabibu kweli? Mbona hata maharage yameoza?"

"Zipo kidogo, Padre. Za kutosha kwa Alhamisi Kuu."

"Basi nitakuja mwenyewe. Nami nakuombea." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Sitaki uone kwamba nilipenda kununua za dukani. Ni kwamba hizo hazinipi wasiwasi."

Nikamwambia namwelewa kabisa. Kweli namwelewa.

27 Februari

Nimevuna. Mistari mitatu ya juu ndiyo iliyopona. Victoria alikuja kusaidia na tukachambua punje kwa punje, mbovu huku, nzima huku, na nzima zilipokwisha kuwekwa zilifunika tu kitako cha pipa la wazi. Nilinawa miguu, nikavua viatu, nikaingia, nikimshika dada yangu bega ili nisianguke. Zilikuwa baridi. Zamani tulikuwa wawili ndani ya pipa, mimi na Mektrida, na Bruda nje akiimba wimbo wa kwao usio wa kanisani.

"Kaka, umekuwa mwepesi," Victoria alisema. "Hata zabibu hazikusikii."

"Ziombe radhi kwa niaba yangu."

Akacheka sana, na mimi pia.

2 Machi

Pipa halijaamka. Kwa kawaida siku ya tatu maganda huelea juu na ukiweka sikio unasikia mchemko kama wa mvua ya mbali. Baridi ni kali mno. Nimelifunika kwa blanketi langu. Mwili unauma.

4 Machi

Homa. Victoria amehamia hapa ananiuguza. Nimemwelekeza kuyasukuma maganda chini, asubuhi na jioni, kwa ule mti wa Bruda. Bado kimya, anasema.

11 Machi

Mungu ni mwema!

Leo nimeamka bila homa, nikatembea mpaka stoo nikishika ukuta, na kabla sijafungua mlango nikaisikia. Pipa linaunguruma. Maganda yameinuka kama mkate, povu limeyazunguka, na joto lake nililisikia usoni. Sijawahi kuiona ikichemka kwa nguvu hivi, hata miaka ya jua. Nilipiga magoti pale pale kwenye udongo, na Victoria akanikuta hivyo, akadhani nimeanguka.

"Sijaanguka, dada yangu. Nashukuru."

"Ehee! Si nilikwambia litaamka? Wewe lala tu."

Niliandika mwezi wa kwanza mambo ya kukata tamaa. Nasikitika kwamba niliyaandika.

13 Machi

Inachemka. Nimekula vizuri. Aminieli amenipigia kelele kutoka ng'ambo kwamba harufu inamharibia Kwaresima yake.

19 Machi, Mtakatifu Yosefu

Leo tumekamua na kuitia kwenye pipa dogo la mwaloni alilokuja nalo Bruda. Victoria alishika kitambaa, mimi nikamimina. Rangi ilikuwa nzito kuliko nilivyotegemea. Chini ya pipa la wazi, maganda yalipokwisha, nikaona tope jeupe lenye chembechembe. Nikaligusa kwa kidole. Nilidhani ni udongo wa miguu yangu.

"Ni nini hiki, Victoria?"

"Kipi? Aa, hicho ni mso." Mso ndio unga wa ulezi uliooteshwa, ambao wapika mbege huutia ndani ya ndizi ili zichachuke. "Nilitia."

"Ulitia."

"Kaka, wewe ulikuwa unaweweseka! Pipa limelala, wewe umelala, kila ukifumbua macho unaniuliza limeamka? limeamka? Nikasema, huyu atakufa kwa ajili ya pipa. Nikapika uji wa mso, nikaupoza, nikautia. Na gome kidogo la msesewe ili lisiharibike. Kesho yake likaamka, likapiga kelele kama watoto wa shule." Alijipangusa mikono, uso wake unang'aa. "Miaka yote hii mnahangaika na baridi, wewe na Bruda, na mimi niko hapo ng'ambo. Hamkuniuliza hata siku moja."

Ni kweli. Hatukumwuliza hata siku moja. Miaka yote nilifikiri kazi ile ni ya elimu, na ya kwake ni ya jikoni.

Alisimama akisubiri. Nilitazama mikono yake, iliyokuwa myekundu mpaka kwenye viwiko kama yangu.

"Aika, Victoria," nikasema. "Ahsante kwa kuniuguza."

20 Machi

Sikula.

22 Machi, Jumapili

Hoja zote nimezipitia. Kwamba ulezi ulikuwa kidogo. Kwamba umebaki chini, na kilicho juu ni zabibu. Kwamba hapana ajuaye ila mwanamke asiyejua alichofanya. Kwamba hata nikikaa kimya nitakuwa nimemlinda yeye, nimeilinda kazi ya Bruda, nimelilinda kaburi la Mektrida lisizungukwe na majani ya ng'ombe.

Kisha namwona Padre ameinua kikombe, na watu wote wamepiga magoti. Yeye hajui na wao hawajui, na katika kanisa zima mimi peke yangu ndiye ninayejua kwamba kilichomo ndani ni pombe ya harusi.

Zabibu nyingine hazipo.

1 Aprili

Padre Aristides alikuja bila kutoa taarifa. Alikuwa na viatu vya mpira, matope mpaka magotini, na furaha ya mtu aliyetimiza ahadi ngumu. Nilikuwa nimepanga kwenda kwake kwanza. Naomba niandike kwamba nilikuwa nimepanga.

Victoria alikuwa uani anamenya ndizi. Alisimama haraka, akamwamkia, akakimbia kuleta bilauri ya Bruda, akaijaza kwenye pipa dogo, akaileta kwa mikono miwili kabla mimi sijapata neno. Padre akamshukuru, akanusa, akanywa. Akanywa tena.

"Mzee Sirili!"

"Padre."

"Hii mmeitengeneza hapa? Mimi nilikuja nimejiandaa kukunja uso, Mungu anisamehe. Hii ina nguvu, ina mwili, ina... sijui niseme nini. Ya dukani haifui dafu." Akamgeukia dada yangu. "Mama, umeionja?"

"Mimi nimeisaidia kidogo tu, Padre," Victoria alisema, akatazama chini kwa haya, kama msichana aliyesifiwa darasani.

"Basi Alhamisi Kuu ndiyo hii. Nimemaliza. Nitamwambia Remigius mwenyewe."

Naandika haya pole pole ili niyaandike sawasawa. Neno lile lilikuwa limekwisha kutamkwa. Nilichotakiwa kufanya ni kuinama na kusema asante. Mistari yote, waridi, mafundo ya Mektrida, vyote vilikuwa vimeokolewa, na mimi nilikuwa nimesimama katikati ya ua wangu nikitafuta jinsi ya kuviharibu kwa adabu.

"Padre," nikasema, "naomba unisindikize mpaka kwenye mistari. Dada, tuwie radhi kidogo."

Tulipofika kwenye waridi la kwanza nilimwambia kwamba divai ile haifai kwa altare, kwa kuwa imechanganywa na kitu kisicho zabibu.

"Kitu gani?"

"Nafaka, Padre. Na gome la mti."

"Nani alifanya hivyo?"

"Ilifanyika katika stoo yangu, chini ya uangalizi wangu. Naomba radhi kwa kukupotezea safari."

Aliangalia nyuma, kule uani, ambako Victoria alikuwa akiimba huku akimenya. Nadhani alielewa. Ana akili. "Mzee wangu," alisema, "ungenyamaza nisingejua."

"Ndiyo, Padre."

"Mwakani je? Ukiitengeneza mwakani bila kuchanganya?"

"Mwakani hakuna. Nimekubaliana na mwanangu."

Tuliporudi uani alimuaga Victoria kwa heshima kubwa, akamwambia kwamba mwaka huu jimbo limeagiza divai ya aina moja kwa maparokia yote, kwa hiyo ya kwetu, ingawa ni nzuri, itabidi tuinywe sisi wenyewe Pasaka. Sijui kama jimbo limeagiza hivyo. Sikumwuliza.

"Hasara yao!" Victoria alisema.

9 Aprili, Alhamisi Kuu

Nilichaguliwa kuwa mmoja wa wale kumi na wawili wanaooshwa miguu. Nilijaribu kukataa, nikaambiwa majina yamekwisha kusomwa. Nilipovua soksi nikaona kwamba nyufa za visigino na mizizi ya kucha bado ni zambarau. Nilijaribu kuificha miguu chini ya joho nililovishwa. Padre aliupokea mguu wangu, akamimina maji, akasugua kidogo kwa kidole gumba, na rangi haikutoka. Akaufuta, akaubusu, akaenda kwa mwingine.

Divai ya misa ilikuwa ya chupa. Nilipokomunika niliinamisha kichwa kama wote.

10 Aprili

Mvua.

18 Aprili, Jumamosi

Remigius alifika asubuhi na vijana wanne wenye majembe na mashoka. Aliniamkia, akasimama, akashindwa kuanza. Ikabidi nimsaidie.

"Anzeni mstari wa chini, ndio umekufa zaidi. Mizizi yake imekwenda kulia, kufuata mfereji. Chimbeni kulia kwanza, hamtaumia migongo."

"Baba, tunaweza kuacha mmoja. Kwa kumbukumbu."

"Mmoja hauwezi kukaa peke yake, mwanangu. Utakuwa unanitazama."

Alitaka kucheka, hakuweza. Akachukua jembe, akaingia shambani na nguo zake za mjini. Kazi ilikuwa nyepesi kuliko nilivyodhani. Udongo ulikuwa umelowa, na mizabibu ilitoka kwa sauti ndogo, kama kitambaa kinachochanwa.

Kwetu watu wakimaliza kazi ya pamoja hawaondoki na koo kavu. Victoria hakuwa amepika mbege tangu Kwaresima ianze, kwa hiyo alitoa lile pipa dogo la mwaloni, akawamiminia kwenye vibuyu. Aminieli pia alivuka mfereji, akapewa chake. Walikunywa wamekaa juu ya mashina.

"Meku," kijana mmoja aliniambia, kama tunavyowaita wazee, "hii kitu ni kali! Kwa nini ulikuwa unawapa mapadre tu?"

"Hii nikinywa nakuwa Mkatoliki," alisema Aminieli. "Sirili, tangu nikujue unanikaribisha siki kila Krismasi, nami nakunywa kwa ajili ya ujirani mwema. Leo ndio umejua kupika, na leo ndio unang'oa?"

Wote wakacheka, hata Remigius. Aminieli akaniona, akaacha kucheka, akatazama ndani ya kibuyu chake. Kumbe na yeye, kama Bruda.

Victoria alikuwa ameniletea bilauri ya Bruda, imejaa. Alisimama mbele yangu, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba amekuwa mzee kama mimi, na kwamba miaka yote amekuwa akingoja ng'ambo ya mfereji aitwe.

"Wewe hujaionja, kaka. Tangu tuikamue hujaionja. Niambie ukweli, ni nzuri?"

Niliiinua kwenye mwanga. Nikanywa funda moja.

"Ni divai, Victoria," nikasema, nikaiweka chini.

Akafurahi sana.

20 Mei

Leo jua limetoka, na mlima umeonekana wote.

Kuna harusi kwa akina Ndelilio Jumamosi ijayo na Victoria ameitwa kupika mbege. Akaniuliza, kwa upole, kama mashina yale yana kazi nyingine, maana kuni zote za huku zimelowa na mizabibu imekauka vizuri chini ya paa. Nikamwambia hayana kazi. Nimeyakata urefu unaoingia jikoni kwake, nikayafunga mafungu kwa nyuzi za mgomba, kwa fundo la Mektrida, ambalo halifunguki mpaka likatwe. Mstari mmoja ulihitaji mikono minne. Mafungu ya kuni nimeyaweza peke yangu.